Mshenga wa Mnywesha Ndege

Aibu hii nimeikalia kimya kwa mwaka mzima na ushei, na ningeendelea kuikalia kama si kwamba kila nikikutana na Mkongo yeyote hapa Brussels ananitazama kidogo, anainamisha kichwa pembeni, halafu anauliza kama mimi ndiye yule Mtanzania wa mwamvuli. Ndiye mimi. Afadhali niieleze mwenyewe kwa mdomo wangu, maana huko nje imeshatiwa chumvi nyingi (wapo wanaosema nilimchoma mama wa watu jichoni, jambo ambalo si kweli, sikumgusa hata ukucha).

Kwanza mnijue mimi ni mtu wa namna gani. Shule niliiacha darasa la sita, Kigoma, si kwa shida za nyumbani kama watu wanavyopenda kusikia, bali kwa sababu siku moja lilipita lori la mafuta lenye matairi yasiyohesabika na mimi nikataka kujua linakwenda wapi. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimeosha vyombo Lusaka, nimekwangua kutu kwenye meli Durban, nimechuma machungwa Hispania, na sasa ni mwaka wa nne niko Brussels, siku za kazi nahamisha vyombo vya watu wanaohama nyumba, na mwisho wa wiki asubuhi napanga meza za soko na kuuza mboga pale Flagey. Kazi ya kuhamisha vyombo inamfaa sana mtu mdadisi, kwa sababu unaingia hadi chumbani kwa watu na unaona vitu ambavyo hata shemeji zao hawajaviona, na hakuna anayekushangaa.

Ndivyo nilivyomfahamu Fabrice. Nilikuwa nampandishia kabati ghorofa ya tatu, nyumba haina lifti, na pale juu ya rafu nikaona ndege ya kuchezea, kubwa, nyeupe, inaning'iniza nyuzi mbili kutoka kwenye mabawa, na mwisho wa kila uzi kuna kikapu kidogo kama kofia ya mwanasesere. Nikaweka kabati chini. Nikamuuliza hizo nyuzi ni za nini.

"Ni kazi yangu," akasema. Fabrice ni mtu wa Lubumbashi, huko Katanga, alikuja hapa mtoto wa miaka kumi na miwili, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Natiaka ndege mafuta."

"Uwanjani?"

"Hapana. Juu. Zikiwa zinaruka."

Jamani, lile kabati lilibaki kwenye ngazi saa nzima, majirani wanapita kwa kubana tumbo. Nilimkalisha Fabrice juu ya sanduku la vitabu akanieleza yote. Kwamba ndege kubwa inatangulia, inateremsha mpira mrefu wa mafuta kwa nyuma, na mwisho wa mpira kuna kile kikapu, nao wenyewe kazini wanakiita hivyo hivyo, kikapu. Ndege ya vita inakuja kwa nyuma, polepole (polepole ya huko juu, ambayo ukitoa mkono dirishani huurudishi), inanyoosha ncha yake kama mdomo wa mbu, inalenga katikati ya kikapu kinachoyumba kwa upepo. Ikigonga kwa nguvu, mpira unapiga wimbi kama kamba ya kuruka na unaweza kuivunja ile ncha. Ikigonga taratibu, inashika, na hapo zinaruka pamoja, zimeungana, mawingu yako chini, na mafuta yanapita. Fabrice anakaa mbele ya kioo cha kamera, ndiye anayeshusha mpira, ndiye anayefungua na kufunga. Akanionyesha video kwenye simu. Niliitazama mara sita. Sina elimu ya kusema nilichohisi, ila nilitulia kama mtu aliyeingia kanisani wakati wengine wamepiga magoti.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni kingine. Nilimuuliza amekuwa mwanajeshi miaka mingapi. Akasema hajawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Yeye ni fundi wa ndege, kampuni ya watu binafsi ilimwajiri ikamfundisha upya. Hiyo kampuni ina ndege zake za zamani zilizowahi kubeba watalii, imezitia matangi na mipira, na majeshi yakipungukiwa, au ndege zao za mafuta zikiwa kwenye shughuli nzito, yanapiga simu na kukodi, kama sisi tunavyokodi viti na turubai la harusi. Ana daktari wa kampuni. Ana likizo za kuomba kwa fomu. Anapewa tikiti za chakula kila mwezi kama mimi. Nikawa najaribu kupata picha: ndege yenye kila kitu cha kutisha duniani inamsogelea kwa adabu mtu ambaye wiki ijayo ana likizo ya siku mbili kwa ajili ya jino.

Alisema na jambo moja zaidi, kwamba vitani hawaendi, mkataba wao ni wa mazoezi ya marubani na kuzivusha ndege baharini. Hilo nililisikia kwa sikio moja, na sikio lenyewe lilikuwa bado liko kwenye kikapu.

Tukawa marafiki. Baada ya miezi michache akanieleza kwamba anataka kumwoa Nsimire, binti wa Bukavu, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko Koekelberg. Baba yake, Papa Mushagalusa, alifika hapa mkimbizi, na hadi leo anasafisha vioo kwenye yale majengo marefu ya maofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Mtu wa maneno machache. Alikuwa ameshamwambia binti yake wazi kwamba wakwe anawapokea mara moja tu, wakimridhisha vizuri, wasipomridhisha hafungui mlango mara ya pili, na Nsimire hakuwa mtu wa kuolewa bila baraka za baba yake. Kwa hiyo Fabrice alikuwa na Jumamosi moja maishani mwake, saa nane mchana, nyumbani kwa mzee, ghorofa ya nne, Koekelberg hukohuko.

Wakongo kwenye kikao cha mahari wana utaratibu ambao lazima niueleze, maana ndio ulionimaliza. Bwana harusi hasemi. Anakaa katikati ya watu wake kama mfuko wa unga, hata akisingiziwa anatazama zulia. Bibi harusi naye yuko chumbani, hatoki mpaka aitwe. Anayesema ni mtu mmoja kila upande, wao wanamwita porte-parole, sisi tungesema mshenga. Upande wa Fabrice mshenga alikuwa tonton Célestin, mdogo wa marehemu baba yake, mzee mwenye suti nyeupe na sauti ya kuhutubia uwanja. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba kreti za Fanta.

Jumamosi asubuhi tonton Célestin aliamka hana sauti. Wiki nzima walikuwa na maombi ya kufunga kanisani kwao na yeye ndiye aliyekuwa anaongoza, sasa kilichobaki kooni ni upepo. Fabrice ana binamu wawili tu hapa mjini, nao wamezaliwa hapa hapa, Kiswahili chao kinaanzia kwenye jambo na kuishia kwenye asante, na Papa Mushagalusa alishasema kikao kitakuwa cha Kiswahili, kwa sababu yeye kwa kabila ni Mshi na wao ni Waluba na Kifaransa si lugha ya kuombea binti wa mtu. Tonton akanitazama.

"Kigoma," akanong'ona (ndivyo wanavyoniita), "weye njo utaongeya."

"Tonton, mimi si ndugu."

"Kiswahili yako ni ya redio. Ule papa anapenda bantu benye kusema muzuri." Akanipa karatasi yenye mistari minane. "Unasoma hivi. Huongeze kitu. Unaona point hapa?" Akagonga nukta kwa kucha. " Ukifika ku point, unafunga kinywa."

Nikasema sawa tonton.

Tulipokelewa vizuri. Sebule ilikuwa imejaa, makochi yameazimwa kwa majirani, upande wao kule na sisi huku, katikati meza yenye sombe, yaani kisamvu, wali, kuku, na kikapu cha mikate. Papa Mushagalusa alikaa pembeni karibu na mlango wa balkoni, mwembamba, mikono mikubwa, hakunywa. Aliyesimama kusema kwa niaba yake alikuwa dada yake, maman Georgette, mwenye saluni ya nywele, mwanamke mpana na mwenye ulimi wa kunyolea.

"Bon," akasema, akanipima kuanzia viatu. "Banaume ba Katanga banakosa kinywa, sasa banaenda kununua moja Tanzania?"

Watu wakacheka. Nikasimama, nikanyoosha tai ya kuazima. "Mama, hakikununuliwa. Kimeazimwa tu, na jioni kitarudishwa kikiwa safi."

Wakacheka zaidi, na safari hii walicheka kwa upande wangu, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu mimi mtu nikichekewa vizuri naanza kujiona nimesoma. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, salamu, ukoo, marehemu wote. Sauti inatoka kama ya mtangazaji. Tonton anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikafika mstari wa tano: mtoto wetu anafanya kazi ya ndege, ana mkataba wa kudumu. Nukta.

"Kazi ya ndege," akasema maman Georgette. "Ni ule mwenye kupitisha jus na mikate?"

Upande wao ukaangua kicheko. Nikamtazama Fabrice, anatazama zulia. Tonton akanifanyia ishara kwa kidole, songa, songa, mstari wa sita, kanisa analosali. Na mimi nikatazama ule mstari wa sita na nikaona siwezi, yaani mtu anayefanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona katika nchi zote nilizolalia kwenye vituo vya mabasi, anachekwa kwamba anagawa juisi, na mimi niseme anasali wapi? Nikaamua kuongeza sentensi moja. Moja tu.

"Mama, huyu kijana anazinywesha ndege mafuta zikiwa hewani."

"Unasema?"

"Hewani. Zinaruka, na yeye anazinywesha."

"Kama mutu anakimbia na anakunywa chai," akasema mzee mmoja wa upande wao. "Ule Mutanzania anatudanganya."

Sasa kuitwa mwongo mbele ya kadamnasi kwa kitu cha kweli ni jambo baya sana, nadhani mnanielewa. Nikaomba kikapu cha mikate. Nikaomba mtandio wa mtu, nikaufunga kwenye mpini wa kikapu. Nikachukua mwamvuli wangu uliokuwa umekunjwa mlangoni (hapa mwamvuli unatembea nao kama kitambulisho). Nikamgeukia maman Georgette nikamwambia yeye ndiye ndege ya mafuta.

"Mimi? Juu niko munene?"

"Kwa sababu una uwezo, mama."

Akapenda. Akashika ncha ya mtandio begani, kikapu kikaning'inia nyuma yake, akaanza kutembea sebuleni taratibu, kwa maringo, mabawa ameyafungua. Mimi nyuma, nimeinama, nimenyoosha mwamvuli mbele kwa mikono miwili, nanguruma kwa mdomo. Mara ya kwanza nilikosa. Nikaeleza kwamba hata marubani wanakosa. Mara ya pili kikapu kiliyumba, nikaeleza upepo. Binamu wa Fabrice wote wawili wakatoa simu wakaanza kurekodi, na video hiyo ndiyo mnayoijua. Mara ya tatu nikalenga katikati, pwaa, ncha ikazama ndani ya mikate, na sebule nzima ikapiga makofi. Yule mzee aliyeniita mwongo alisimama. "Inakunywa," akasema, "tazama, inakunywa kweli." Kwa sekunde kama kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Ubelgiji.

Kisha Papa Mushagalusa akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Nimeelewa," akasema. "Na ile ndege ya nyuma, ni ndege ya nini?"

Fabrice akakohoa. Nilimsikia. Nilidhani ni wali.

"Za vita, papa," nikasema, na bado nilikuwa nimeinama na mwamvuli wangu, jasho linanitoka, nikaona mzee amependezwa, nikasema nimalizie kwa kishindo. "Ndege ya vita bila huyu kijana inakaa juu kidogo tu, mafuta yanaisha, inarudi kwao. Akiwepo huyu, papa, inazunguka juu ya vichwa vya watu kutwa nzima. Haina haja ya kushuka. Adui hana pa kujificha."

Hakuna aliyepiga makofi. Papa Mushagalusa aliweka glasi yake mezani, ikiwa bado imejaa, akafungua mlango wa balkoni, akatoka, akaufunga nyuma yake bila kelele.

Nikataka kuchomoa mwamvuli nikae. Haukutoka. Ncha ilikuwa imenasa kwenye ukindu wa kikapu, na maman Georgette alikuwa ameuzungusha mtandio mkononi mara tatu, kwa hiyo mimi nikivuta naye anakuja, naye akivuta mimi naenda, tumeungana katikati ya sebule yenye watu thelathini. "Uniachiliye," akasema kwa meno. Nikasema natafuta namna, mama. Nilichokifanya ni kubonyeza kitufe.

Mwamvuli ulifunguka wote. Kikapu kilipasuka, mikate ikaruka mpaka kwenye pazia, na bakuli la sombe likapinduka moja kwa moja juu ya suti nyeupe ya tonton Célestin, ambaye alifungua mdomo kupiga kelele na hakikutoka kitu.

"Achia," ilisikika sauti. "Achia. Achia."

Alikuwa Fabrice. Wala hakupaza. Baadaye aliniambia ndivyo wanavyofanya kazini mambo yakienda vibaya, neno linasemwa mara tatu, na wote wanaachana papo hapo bila kuuliza kwa nini. Mikono yangu ilitii kabla mimi sijafikiri. Mwamvuli ukabaki kwa maman Georgette.

"Voilà," akasema, akaketi nao mapajani. "Fiancé ameongeya. Sasa kila kitu iliharibika."

Wanaume wa upande wao wakaanza kutafuta makoti. Mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka Nsimire, hajaitwa na mtu, amevaa kitenge chake kipya, akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Kigoma. Ulimuambia papa nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye ile kutwa nzima alifumba macho.

"Enda," akasema. "Weye njo uliharibu, weye utatengeneza. Mimi siko na papa mwengine."

Nikaenda. Papa Mushagalusa alikuwa ameshika chuma cha balkoni, anatazama upande wa kanisa kubwa la Basilika, manyunyu yanampiga usoni na hajifuti. Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono.

"Weye mutu ya Kigoma. Batu betu banakimbilia kwenu na bateau, ulibaona?"

Nikasema niliwaona, nilikuwa mdogo, tulikuwa tunashuka ufukweni kuwapokea. Na niliposema hivyo nikakumbuka nilichokuwa nawauliza. Nilikuwa nawauliza wamekuja na injini ya aina gani.

"Siye hatukupata bateau," akasema. "Siye tulikuwa mu migomba. Asubuhi ndege moja ikakuja. Haikutupa kitu, inazunguka tu, inatafuta. Kaka yangu mukubwa alikuwa chauffeur ya lori, akatuambia tukae kimya, akasema kila kitu iko na moteur iko na réservoir, tangi yake, na kila réservoir inaishaka. Tukangoja. Mutoto moja alikuwa analia, mama yake akamufunika kinywa. Kiisha ile ndege ikageuka, ikaenda kutafuta mafuta, essence. Njo tukatoka, tukavuka barabara. Nsimire alikuwa mu tumbo." Akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Donc, ile siku, kama kulikuwa mutoto kama Fabrice kule juu, siye tungetoka saa ngapi?"

Nilikuwa nimeitazama ile video mara sita kwanza, na mara nyingi tu baadaye, na kila mara nilikuwa huko juu, mawingu chini. Haikunijia hata siku moja kwamba chini ya mawingu kuna mtu anahesabu.

Nikamwambia ukweli, kwamba niliongeza, kwamba Fabrice haendi vitani, ni mazoezi na kuvuka bahari tu, kwamba yote yale ya kishindo ni ya kwangu mimi.

"Mwite," akasema. "Aseme ye mwenyewe."

"Papa, si mila yenu..."

"Mila mulishaivunja na mwamvuli."

Fabrice akaja. Nikataka kuondoka, mzee akaniambia nikae nisikie, ili nijifunze. Tukasimama watatu pale tukiloa.

"Ni kweli unanyweshaka ndege ya vita?"

"Ni kweli, papa."

"Zinaendaka kupiga batu?"

"Zenye ninaona mie, hapana. Ni mazoezi, ao zinavuka bahari. Contrat inasema vile." Hapo palikuwa na nukta nzuri kabisa, mlango wa kutokea, na mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo apite. Hakupita. "Mais sitakudanganya, papa. Armée iko na ndege zake za mafuta. Sababu siye tunafanya mazoezi, zile zao zinabakia libres, huru, zinaenda kwenye zinaenda. Nalijua. Nalifikiriaka."

Basi la namba gani sijui lilipita chini, likasimama, likaondoka.

"Mwanajeshi akisema hapana, banamufanya nini?"

"Banamufunga."

"Na weye ukisema hapana?"

"Mie niko employé. Naandika barua, naenda."

"Barua tu?"

"Barua tu, papa."

"Bon," akasema Papa Mushagalusa. "Basi ile barua utaiandika leo. Utaweka signature. Tarehe hapana. Itakaa kwangu, mu armoire. Siku nitasikia kampuni yenu imeenda kunywesha kwenye batu banajificha, mimi mwenyewe nitatia tarehe, nitapeleka ku posta. Sitakuuliza. Sitauliza Nsimire. Utakubali?"

Nilimtazama Fabrice. Mnajua mtu anavyoipenda kazi yake mpaka ameiweka juu ya rafu nyumbani. Alishusha pumzi, akatazama mikono yake, ile inayofungua na kufunga.

"Nakubali, papa."

Tulirudi ndani. Makoti yakavuliwa. Maman Georgette akaitoa orodha ya mahari, suti ya baba, viatu, vitenge vya mama, chumvi, mbuzi, akasikiliza mdomo wa kaka yake sikioni, akakunja uso, akaandika kwa kalamu mwishoni: barua moja. Akatoa na faini, kreti mbili kwa bwana harusi aliyesema na moja kwa mikate. Fabrice aliandika palepale mezani, karibu na sombe, mistari mitatu ya Kifaransa, na mimi kama mshenga nikaamriwa kuisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilisoma mpaka nukta. Tonton Célestin, na suti yake ya kijani, alikuwa ananitazama koo. Nikafunga mdomo.

Walifunga ndoa miezi mitatu baadaye. Barua iko kabatini Koekelberg, ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na pasipoti za familia. Najua kampuni ikimkosa Fabrice kiti chake kitapata mtu mwingine wiki hiyo hiyo, mzee naye anajua, si mjinga. Lakini nikifikiria kwamba katika mji huu, ambamo wakubwa wa majeshi wanakutana kwenye majengo yenye walinzi na bendera, kuna msafisha vioo mmoja ambaye peni yake inaweza kufunga bomba moja la mafuta ya ndege za vita, nashikwa na ule utulivu wa siku ya kabati, na safari hii ni mzito zaidi. Na hilo limewezekana tu kwa kuwa Fabrice ni mwajiriwa wa watu. Angekuwa askari, mzee asingekuwa na cha kumwomba.

Mimi nimejiapiza: sitasimama tena kumsemea mtu mwingine jambo linaloushika moyo wangu mimi. Nikishangaa, nishangae mwenyewe, kwenye kona yangu, nimefunga mdomo. Nimeshakataa kuwa mshenga mara mbili (mara ya pili waliniomba kwa kunitania, wakaja na mwamvuli).

Mwezi uliopita Papa Mushagalusa alikuja sokoni Flagey, akachagua vitunguu, akabaki amesimama mbele ya meza yangu, anazungusha kimoja mkononi.

"Kigoma," akasema. "Ile mupira ya mafuta. Upepo ikiwa mingi sana, inaishikaka namna gani?"

Nilikuwa nalijua jibu. Nilikuwa nalijua kwa urefu, lilinijaa mpaka nyuma ya meno, na mikono yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta kitu cha kuonyeshea.

"Sijui, papa," nikamwambia. "Muulize mkwe wako."

Alinitazama kidogo, akalipa vitunguu vyake, akatoa simu mfukoni.